Nusu Pumzi

Mapenzi ya watu wengine huvunjwa na fitina, au na safari ndefu, au na shangazi mwenye mdomo. Ya Kijiko na Sharubati yalivunjwa na nukta, ile inayokaa kati ya sifuri na mbili, ambayo ukiisogeza kidogo tu dozi ya mtoto inakuwa mara kumi. Wewe unaona nukta ni kitu gani? Muulize aliyelia kwa ajili yake.

Asubuhi ile Kijiko alisukuma mlango wa chumba cha kuchanganyia dawa, akamkuta mwenzake anafunga virago. Kabati lake lilikuwa wazi. Koti jeupe lilikuwa limekunjwa juu ya meza ya chuma, na kando yake kulikuwa na kikombe kilichovunjika mpini na chupa zake ndogo za ladha, ya ndizi, ya chungwa, ya stroberi. Chupa hizo ndizo zilizompa jina. Hakukuwa na mtoto hospitali ile aliyeikataa dawa yake, hata iwe chungu vipi, kwa sababu yeye angeionja kwanza, akakunja uso, akaongeza tone la hiki na tone la kile mpaka mtoto mwenyewe aombe tena. Wauguzi wakamwita Sharubati, jina likamganda.

La Kijiko alijitafutia mwenyewe. Siku yake ya kwanza kwenye mafunzo ya ubingwa wa dawa za watoto, daktari mmoja aliagiza mgonjwa apewe kijiko kimoja cha dawa ya maji. Yeye, mgeni asiyejua hata choo kiko wapi, akamuuliza mbele ya wodi nzima, "Kijiko kipi, daktari? Cha chai, cha kupakulia, au kile cha nyumbani kwenu?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hawakujua kwamba nyumbani kwao kulikuwa na picha ya kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama yake, aliyekufa kabla hajajua kutembea. Mtu wa dirisha la dawa alimwambia mama yake "kijiko kimoja" akafunga dirisha, na mama akatumia kijiko alichokuwa nacho, kikubwa. Ndiyo maana Kijiko alisomea dawa, na ndiyo maana alisomea za watoto.

"Umekuja," alisema Sharubati bila kugeuka.

"Nimekuja."

"Na mama?"

"Yuko nje, kwenye benchi. Ananisubiri."

"Ananisubiri mimi niondoke, sema tu."

Kijiko alitazama mlango. Ilikuwa kweli, na asingeweza kuibadilisha. Kabla hawajatoka nyumbani mama yake alimwambia, "Posa hiyo imekufa. Nenda ukamwambie mwenyewe, macho kwa macho. Sitaki kusikia umemwandikia kwenye simu kama mtu asiyelelewa." Kisha akachukua mkoba wake akafuatana naye, kuhakikisha.

"Anasema wazee wako wasije Jumamosi," Kijiko alisema.

"Nilijua."

"Anasema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu aliyekosea dawa ya mtoto."

Sharubati akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha ndani yake. "Na ana haki. Mimi mwenyewe ningekuwa na binti nisingejipa."

Sasa ngoja nikuambie ilivyokuwa, maana bila hilo utamwonea mmoja wao.

Profesa aliyewafundisha alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa na sheria yake. Dozi ya mtoto haihesabiwi na mtu mmoja. Wanahesabu wawili, mmoja ameelekea dirisha, mwingine ameelekea makabati, wamepeana mgongo, na hakuna kusemezana. Wakimaliza wanageuka, wanatazamana, wanatamka jibu kwa pamoja, kwa pumzi moja. Majibu yakilingana, dawa inapimwa. Yakitofautiana, yote mawili yanatupwa na hiyo dawa haitoki. "Sitaki watu wawili wanaokubaliana," Profesa alipenda kusema. "Wanaokubaliana wako tele huko barabarani. Nataka watu wawili waliohesabu."

Alisahau jambo moja, maskini. Ukimpa kijana na msichana kazi ya kugeuka na kutazamana kutwa nzima, unategemea nini? Mwanzoni walitazamana ili kutamka. Baadaye walitamka ili watazamane. Kijiko alianza kuyajua macho yale, jinsi kope zilivyoshuka akiwa na shaka, jinsi pembe ya mdomo ilivyoinuka akiwa na uhakika. Hata posa ilianzia hapo hapo. Siku moja walimaliza hesabu ya mtoto wa degedege, naye Sharubati akasema, "Bado moja. Geuka." Akageuka. Akasikia sauti nyuma yake, "Utakubali tuoane? Usijibu kwanza. Hesabu." Alikaa akitazama milango ya makabati, akafikiria kila kitu, akageuka, na wote wawili wakasema "Ndiyo" kwa pumzi moja. Walicheka mpaka sista akaja kuuliza kuna nini.

Mama yake Kijiko alikataa mwanzoni. Kijana hana kwao kwa maana, baba hajulikani aliko, na mama huyu alimtaka mkwe mwenye ukoo wa kumuuliza. Kijiko alimbembeleza, akanuna, akala kidogo, akabembeleza tena. Hatimaye asubuhi moja mama akasema, "Haya, wazee wake, hata wa kuazima, waje Jumamosi ya mwisho wa mwezi." Jamani! Kijiko alifika kazini hakanyagi chini. Akamwambia Sharubati mlangoni, naye Sharubati akarusha kofia juu ikatua kwenye sinki.

Saa hiyo hiyo likaletwa agizo la dawa ya moyo ya mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi cha kulala kwenye viganja viwili. Wakapeana mgongo. Na Kijiko, yule yule wa kijiko kipi, hakuhesabu. Alikuwa na simu mfukoni inayotetemeka, dada yake anamuuliza gauni liwe la rangi gani, naye akawa anamjibu. Aliposikia mwenzake anageuka, aligeuka pia. Akaona midomo ile aliyoijua inafunguka. Akasema nayo.

"Mililita mbili."

Ilitakiwa sifuri nukta mbili.

Mtoto hakupewa. Sista wa wodi ya vichanga aliinua bomba la sindano kwenye mwanga, akauliza, "Hii ni ya mtoto au ya mama yake?" Akakataa kuidunga, Mungu ampe maisha marefu. Kijiko alikimbilia wodini, akasimama kando ya kisanduku cha kioo wanamolazwa njiti, akitazama kifua kidogo kinapanda na kushuka. Aliporudi, Sharubati alikuwa ameshaingia kwa Profesa na kutoka. Alimwambia Profesa kwamba mwenzake alipata jibu sahihi, na kwamba yeye alimbishia na kumlazimisha aseme la kwake. Profesa akamtoa kwenye mafunzo.

Na Kijiko akanyamaza. Wiki nzima. Alikuwa akisema kesho, halafu kesho tena.

"Wamenipatia nafasi kwenye duka la dawa," Sharubati alisema sasa, akiviringisha kikombe ndani ya gazeti. "Mbali. Dawa za watu wazima tu, presha, sukari, dawa za mgongo. Hakuna cha kuonja." Ndipo akageuka. Macho yalikuwa mekundu na ndevu hazijanyolewa. "Twende wote."

"Twende wapi?"

"Huko. Si lazima leo. Maliza ubingwa wako kwanza, imebaki kidogo. Mimi nitatafuta chumba, nitanunua kitanda, nitajifunza kupika. Mama atakasirika, kisha atachoka kukasirika, siku tutakapomletea mjukuu atanisamehe kwa ajili ya mjukuu. Kijiko, nimelifikiria hili, silali."

Alilisema kwa upole ule ule wa kumpa mtoto dawa. Kijiko alihisi mwili mzima unamvuta kumwendea. Alikiona hicho chumba, akamwona Sharubati anaunguza chakula na kujisifu, na akataka, jamani alitaka mpaka meno yakamuuma.

"Naenda kwa Profesa," alisema.

"Kufanya nini?"

"Kumwambia ukweli."

Sharubati aliweka kikombe chini taratibu. "Wiki nzima umekaa kimya kama maji ya mtungini. Leo nafunga mzigo ndio dhamiri imeamka?"

"Niliogopa."

"Endelea kuogopa basi! Nani amekuomba ushujaa? Watakutoa na wewe. Tutakuwa wawili barabarani, na wale watoto watahesabiwa na nani?"

"Na mtu anayehesabu."

"Wewe unahesabu! Siku moja tu hukuhesabu."

"Ulikuwa hujui hilo," Kijiko alisema, na hapo hapo akasita. Alikuwa hajawahi kumwambia. Alikuwa amejiandaa kumwambia sasa. "Umejuaje kwamba sikuhesabu?"

Sharubati alitazama sakafu. Nje, kwenye korido, kitoroli kilipita kikilia magurudumu.

"Nilisikia," alisema. "Ulichelewa nusu pumzi. Siku zote huwa tunaanza pamoja. Siku ile nilitangulia, ukanifuata."

"Ulisikia."

"Ndiyo."

"Na ukaacha ipite?"

"Nilifurahi," alisema. "Usiniulize kwa nini. Nilikuwa na jumla ya furaha ya mwaka mzima asubuhi ile, mama yako amekubali, halafu naona unatazama mdomo wangu na kusema ninachosema. Nikajiambia, huyu ananiamini kiasi hiki? Hakuna mtu aliyewahi kuniamini hivyo. Sikufikiria mtoto. Nilikufikiria wewe."

Kijiko alishika ukingo wa meza. Kama angemwambia hayo mahali pengine, siku nyingine, angemrukia shingoni. Hapa alimwona yule mtoto njiti na kifua chake.

"Ndiyo maana ukajibebesha."

"Kosa la kwanza ni langu. Nukta niliisogeza mimi."

"Na la pili ni langu. Mimi ndiye niliyewekwa pale kukukamata."

"Kijiko, sikiliza." Alimsogelea, akamshika mikono yote miwili, mikono yake ikiwa baridi. "Sina shamba, sina ukoo, baba yangu simjui hata kwa picha. Katika maisha yangu nimekupa kitu kimoja. Kimoja tu. Nimekupa huo ubingwa wako. Ukienda kule kwa Profesa kuurudisha, umenirudisha na mimi. Sitaweza kukutazama. Nakuambia mapema usije ukasema sikukuambia."

"Kwa hiyo nichague."

"Sijasema uchague. Nasema unyamaze. Kuna ugumu gani kunyamaza? Watu wananyamazia mauaji."

"Mama yangu anakuita muuaji kila siku mezani. Nakaa hapo natafuna."

"Aniite yeyote anavyotaka, mimi nitakuwa mbali."

"Mimi sitakuwa mbali! Mimi nitakuwa hapo hapo mezani, na kesho hapa hapa dirishani, na mtu mwingine nyuma yangu anahesabu akidhani mimi ni yule wa kijiko kipi." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Uliniamulia, Sharubati. Uliingia kwa Profesa peke yako ukahesabu maisha yangu yote, ukatoka na jibu, ukategemea nikufuate kwa mdomo kama siku ile."

Neno hilo lilimpata. Alimwachia mikono. Kisha akafanya kitu ambacho Kijiko hakukitegemea: alikwenda dirishani, akampa mgongo.

"Haya," alisema. "Geuka."

"Sharubati, usifanye hivyo."

"Ndiyo sheria. Mara ya mwisho. Tunyamaze, twende tukaishi? Usijibu. Hesabu."

Kijiko aligeuka akaelekea makabati. Milango ilikuwa ile ile, rangi ya kijivu, na kwenye mmoja kulikuwa na kibandiko cha sungura alichokibandika mtoto aliyepona. Na safari hii alihesabu. Alijumlisha kile chumba cha mbali na kitanda cha kununua. Akajumlisha mjukuu. Akaweka pembeni macho yale ya kila asubuhi, ambayo hakuna mwanamume mwingine aliyezaliwa nayo. Upande wa pili akaweka picha ya kaka yake ukutani na mtu wa dirishani ambaye hakurudi kusema neno, na kisanduku cha kioo. Alirudia tangu mwanzo, akitafuta alipokosea, maana alitaka sana awe amekosea.

Alisikia viatu vyake vinazunguka. Akageuka.

Walitazamana. Pembe ya mdomo wa Sharubati iliinuka, ile ya uhakika, na Kijiko akaona midomo inaanza. Alilijua neno kabla halijatoka. Ingekuwa rahisi. Nusu pumzi tu, aseme nalo, na mtu huyu angekuwa wake mpaka kufa.

"Ndiyo," alisema Sharubati.

"Hapana," alisema Kijiko.

Yalitoka kwa pamoja, bila mmoja kumtangulia mwenzake.

Walijua sheria. Sharubati alichukua gazeti lake lenye kikombe, akachukua begi. Koti alilifikiria, akaliacha. Akafika mlangoni, akarudi, akaiweka chupa ya stroberi mbele ya Kijiko.

"Yule mtoto wa kitanda cha pembeni," alisema bila kumtazama, "hanywi antibayotiki bila hii. Matone mawili, yakizidi anatapika."

"Matone mawili," Kijiko alisema.

"Baki salama."

Akaenda. Kijiko alisikiliza hatua zake mpaka zikachanganyika na za watu wengine.

Kwenye benchi mama yake alikuwa amekaa wima, mkoba magotini. Alimtazama binti yake usoni, akasogea kumpa nafasi.

"Kapita hapa kama mtu aliyefiwa," alisema. "Hata hivyo kanisalimia. Mmemaliza?"

"Tumemaliza, mama."

"Afadhali. Utalia, utanyamaza. Mimi nimelia mengi na bado nakula. Mtu wa namna ile, mwanangu, leo amenusurika, kesho..."

"Mama, mimi sikuhesabu."

Mama akamgeukia.

"Siku ile tulikuwa wawili. Yeye alikosea, na mimi nilipaswa kuhesabu peke yangu nimkamate. Sikuhesabu. Nilikuwa nachagua rangi ya gauni. Nilisema alichosema. Alinificha, mama. Alijibebesha yote ili nibaki. Na mimi nikakuacha umwite muuaji."

Uso wa mama haukubadilika. Mikono ndiyo iliyobadilika, ilianza kufungua zipu ya mkoba na kuifunga, kufungua na kufunga. Mtu na mwanawe mgongoni alipita mbele yao akiuliza dirisha la dawa liko wapi.

"Profesa anajua?" mama aliuliza mwishowe.

"Naenda kumwambia sasa hivi."

"Watakutoa."

"Labda."

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Yule wa dirishani alinyamaza," alisema. "Miaka yote hii namsubiri aje aniambie, mama, nilipaswa kukuonyesha kijiko. Ningemsamehe, unajua? Ningemkaribisha ndani akae." Alijifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayefuta meza. Kisha akainuka ghafla, akatazama upande wa lango. "Yule kijana hajafika mbali. Mkimbilie. Mwite arudi, mwambie mama anamwita."

Kijiko hakuinuka.

"Kimbia basi, unangoja nini? Si nimekubali?"

"Harudi, mama. Alisema nikienda kwa Profesa hataweza kunitazama."

"Maneno ya hasira hayo!"

"Hakuwa na hasira." Alimshika mama mkono, akainuka. "Na mimi naenda."

Mama alibaki amesimama, shingo ameinyoosha kuelekea lango, akitafuta mgongo mmoja kati ya migongo ya watu. Kijiko alijifuta machozi kwa mkono wa koti, akaenda mpaka mlango wa Profesa. Mkononi bado alikuwa na chupa ya stroberi.

Hakugonga mara moja. Chumba cha kuchanganyia dawa kilikuwa jirani, na tayari walikuwa wameingizwa wanafunzi wengine wawili kushika zamu. Kukawa kimya kule ndani, kimya cha watu waliopeana mgongo. Kijiko akajikuta amebana pumzi. Kisha viatu vikazunguka, na sauti mbili ngeni, ya kike na ya kiume, zikatamka jibu.

Zilianza pamoja. Alisikiliza vizuri, hakukuwa na aliyechelewa.

Akagonga.